Vidonge Vitatu na Jina Langu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini na muweke hizo simu kando kidogo. Sikuandika ili mnihurumie. Nimeandika kwa sababu jambo hili mmelisikia vipande vipande jikoni, na kila aliyelibeba ameongeza chumvi yake, mpaka sasa wengine wenu wanasema binti yangu alilogwa, na wengine wanasema dawa ya hospitali ndiyo iliyomvunja miguu. Hakuna ukweli hapo. Mimi nilikuwepo. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini masikio yangu yaliendelea.

Ugonjwa wenyewe unaitwa multiple sclerosis. Watu wa hospitali husema MS tu, wakikata maneno. Nilivyoelezwa ni hivi: mwilini kuna askari wa kupigana na magonjwa. Kwa watu wengine askari hao hugeuka, wakaanza kula ganda la mishipa ya fahamu, ile inayobeba habari kutoka kichwani kwenda kwenye jicho, kwenye mguu, kwenye kibofu. Fikiria panya anayetafuna plastiki ya waya wa stima. Taa haizimiki siku hiyo hiyo. Inaanza kuwakawaka.

Na MS ya binti yangu ni ile ya kuja na kupungua. Inakuja inakuangusha, halafu inapungua, unaamka, unafua nguo, unacheka, na jirani anasema, si huyu alikuwa anajifanya? Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Ugonjwa ambao haukuachi watu wanauheshimu. Ugonjwa unaoondoka na kurudi unamfanya mgonjwa kuwa mwongo mbele za watu, na baadaye unamfanya ajidanganye mwenyewe.

Mimi nakaa huku chini, upande wa Ishiara, kwenye joto na vumbi, na nimeuza mbuzi katika soko la hapo tangu watoto wangu wakiwa wa kubebwa. Nina watoto watatu. Mkubwa ni mvulana, anakaa hapa nyumbani na mke wake. Wa pili ni mvulana pia. Wa mwisho ndiye binti, naye aliolewa Meru, pale Kinoru, kwa kijana anayechomelea milango na madirisha ya chuma. Binti ni fundi wa kushona. Ana cherehani ya kukanyaga, na nguo za shule za mtaa ule wote zilipita chini ya mguu wake.

Jicho la kushoto ndilo lililoanza. Alinipigia simu akasema linauma akilizungusha, na kitambaa chekundu kikikaa upande ule kinaonekana kama udongo. Nikamwambia apumzishe macho, cherehani ina maisha yake. Baada ya wiki kadhaa jicho likarudi. Tukasahau. Halafu ukaja mguu wa kulia. Ukawa mzito, unakwaruza chini kama mguu wa mtu aliyekunywa. Alikuja kututembelea wakati wa Krismasi, jua letu likiwa kali, na ule mguu ukakataa kabisa. Hata jicho lililokuwa limepona likaingia ukungu. Kaka yake wa pili, mtafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, akasema, "Dada amezeeka kabla ya mama. Nitamchongea fimbo, na mama nimchongee yake, watembee pamoja kanisani."

Tulicheka. Hata yeye alicheka. Alipanda kurudi Kinoru kwenye baridi, na mguu ukaanza kufanya kazi tena, na hapo ndipo wenzangu wa kanisa wakasema kuna kitu kimezikwa katika boma langu. Kumbe ni joto tu. Mishipa iliyoliwa ganda haitaki joto. Daktari alilisema hilo baadaye kwa maneno machache, na sisi tulikuwa tumeomba na kukemea pembe zote nne za boma.

Mwishowe alitiwa kwenye ile mashine ya kupiga picha ya kichwa, tukatumwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Tulikwenda watu watatu: binti yangu, mume wake, na mimi. Mume alitaka niende kwa sababu alisema mimi siogopi kuuliza. Hilo ni kweli. Lakini sikilizeni vizuri hapa, maana yote yaliyofuata yametoka katika chumba hicho.

Nyinyi wa siku hizi mnasalimiana na mama mkwe kwa kumkumbatia, naona kwenye harusi. Sisi hatukulelewa hivyo. Mkwe na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa umbali. Hapeani naye mkono. Haingii jikoni kwake. Halali nyumba moja naye. Na jambo la mwili wa yule mwanamke aliye katikati yao, uzazi wake, tumbo lake, halitajwi wakiwa pamoja. Likitajwa, mmoja anatoka. Mimi niliishika sheria hiyo kwa nguvu, na mkwe wangu, kijana aliyelelewa vizuri, aliishika pamoja nami.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa kuwa mjukuu wangu. Alisema kuna dawa za sindano na za kutundikwa kwa mshipa, lakini kwa hali ya binti yangu na mahali anapokaa, tuangalie kwanza zile za kumeza. Akataja tatu. Majina yao ni marefu, binti yangu ameniandikia: teriflunomide, dimethyl fumarate na fingolimod. Akaanza kuzisifu moja moja. Nikamkatiza.

"Daktari," nikasema, "mimi nauza mbuzi. Mtu akiniletea mbuzi, simuulizi uzuri wake, uzuri nauona mwenyewe. Namuuliza ila yake. Anavunja ua? Anatupa mimba? Anapiga teke anayemkama? Sasa hivi vidonge vitatu, nitajie ila ya kila kimoja."

Binti yangu akaficha uso. Daktari akatabasamu, akaniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Sawa, cucu. Tuanze na mbuzi mpole."

Mpole ni teriflunomide. Kidonge kimoja kwa siku, ukiwa umekula au hujala. Ila yake: nywele zinaweza kupungua, tumbo linaweza kuharisha, na ini lazima lipimwe mara kwa mara. Daktari akaongeza, "Na mtu anayetaka kuzaa asikiguse. Kinaharibu mtoto tumboni. Hata ukikiacha, kinaweza kukaa mwilini muda mrefu sana, mpaka ukioshe na dawa nyingine."

Neno tumbo lilipotoka, nikasikia kiti kikisukumwa. Mkwe wangu aliinuka, akasema ataangalia kama gari limezuia njia, akatoka. Gari hatukuwa nalo. Nilimwona akitoka na nikamheshimu kwa kutoka.

Daktari akaendelea. Cha pili, dimethyl fumarate, humezwa mara mbili kwa siku. Ila yake: uso unawaka moto na kuwa mwekundu, tumbo linakoroga hasa mwanzoni, ni vizuri kimezwe na chakula, na damu inapimwa ili askari wa mwili wasipungue kupita kiasi.

"Huyo anapiga teke," nikasema.

"Anapiga teke, lakini wengi wanamzoea."

Cha tatu, fingolimod, ndicho chenye nguvu kuliko hivyo viwili. Kimoja kwa siku. Ila yake ni nyingi. Siku ya kwanza kinaweza kupunguza mwendo wa moyo, kwa hiyo unakimezea hospitali, wakutazame kutwa. Macho yanachunguzwa. Tetekuwanga inaulizwa, kama uliwahi kuugua au hapana. Nacho pia hakiendi na mimba. Halafu akamtazama binti yangu, hakunitazama mimi. "Na ila kubwa ni hii. Hiki hakiachwi ghafla. Ukikiacha wewe mwenyewe kwa sababu unajisikia vizuri, ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Ukitaka mtoto, unakuja kwangu kwanza. Tunapanga, tunabadilisha dawa. Haiachwi, inabadilishwa. Umenisikia?"

"Nimesikia," binti yangu akasema.

"Na kipi kati ya hivi kinaponya?" nikauliza.

"Hakuna, cucu. Vyote vinazuia usirudi mara kwa mara. Kilichokwisha kuliwa hakirudishwi na kidonge."

Huwezi kubishana na mtu anayekwambia mbuzi wake ana ila hizo zote na bado hatoi maziwa. Binti yangu alitazama mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Akasema, "Nipe kile chenye nguvu. Mimi nataka mguu." Daktari akasema hata yeye angechagua hicho, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umekuja mara mbili kwa kufuatana karibu.

Tukatoka. Mkwe alikuwa amesimama chini ya mti, akamuuliza mke wake, "Wamesemaje?" Akajibiwa, "Tumepata dawa." Akashukuru Mungu. Mengine hakuuliza mbele yangu, na mimi sikuyasema mbele yake.

Siku ya kwanza ya kidonge moyo ulienda polepole, wakamshikilia mpaka jioni, halafu ukajirekebisha wenyewe. Baada ya hapo ulikuja muda mzuri. Sitaki mseme dawa haikufanya kazi. Ilifanya. Mwaka mzima na zaidi alikanyaga cherehani yake, akanishonea mpaka gauni la kanisa lenye kola. Mguu ulikuwa na uchovu kidogo jioni, basi. Ukimwona barabarani Kinoru usingejua. Hilo lilikuwa jema, na ndilo lililotuletea ubaya.

Sasa niwaambie habari za jina.

Kwetu mtu hafi akaisha. Msichana wa kwanza wa nyumba anapewa jina la mama wa mume. Wa pili anapewa la mama wa mke. Hivyo ndivyo bibi anavyorudi kutembea, akiwa na miguu mipya. Mwanangu mkubwa amezaa wavulana watupu, mnajijua. Wa pili hajaoa, ameoa muguka. Binti yangu alikuwa na msichana mmoja, na huyo alichukua jina la mama mkwe wake, kama ilivyo haki. Kwa hiyo jina langu lilibaki mahali pamoja tu duniani, katika tumbo la binti yangu mgonjwa, likingoja msichana wa pili.

Katika muda huo mzuri, Julai, alikuja kunisaidia kuvuna ndengu. Julai huku kuna ubaridi, anaweza kuvumilia. Tulitandaza turubai uani, wanawake wakaja kunisaidia kupura kama nilivyokuwa nimewasaidia wao. Mnajua fimbo zikianza kupiga ndengu midomo nayo inaanza. Jirani yangu mmoja, mjane mwenye meno mawili na maneno mia, akasema:

"Huyu rafiki yangu ana tabu. Jina lake limekwama Kinoru. Halina nauli ya kushuka."

"Mimi nilijaribu, jamani," akasema mke wa mwanangu. "Kila nikienda hospitali napewa mvulana. Sasa ni zamu ya wifi."

"Wifi yako anashona tu," yule mjane akasema. "Anashonea watoto wa wenzake."

"Acheni nimalize uzi," binti yangu akajibu, akicheka. "Linakuja. Linavaa viatu kwanza."

"Lifanye haraka. Mwenye jina asije akaondoka kabla hajajisalimia."

Wote wakacheka, na mimi nikapepeta. Mzaha wa jina ni wa kila boma, hauna sumu. Mjane yule ananipenda. Binti yangu alikuwa ameinama akikusanya maganda, amesimama kwa miguu miwili imara, na nakumbuka niliwaza kwamba ugonjwa umechoka, umetafuta nyumba nyingine.

Yeye naye aliwaza hivyo. Alinieleza baadaye, akiwa kitandani. Alirudi Kinoru na gunia dogo la ndengu, akaweka vidonge juu ya kabati, na hakuvimeza tena. Hakurudi kwa daktari, maana alijua daktari atasema tungoje, tupange, tubadilishe, na yeye alikuwa ametazama nywele zangu akaona hakuna muda. Alimwambia mume wake, "Daktari alisema unaacha ndipo uzae." Hilo lilikuwa nusu ya maneno. Nusu nyingine ilisemwa wakati mwanamume yuko chini ya mti.

Mwezi wa kumi, mkwe wangu alikuja kwangu peke yake.

Alikuwa hajawahi kuja peke yake bila habari ya msiba au mahari. Nilikuwa nafunga mbuzi mmoja mguu. Nikaosha mikono, nikajifunga leso vizuri, nikatoka nikasimama pale pa heshima, yeye akasimama karibu na ghala. Ghala ilikuwa katikati yetu.

"Mmeamkaje, mama?"

"Tumeamka. Huko kwenu?"

"Salama. Mvua huku bado?"

"Bado. Huko?"

"Kuna mawingu. Jana yalikaa juu, yakaondoka."

"Mawingu ya Meru yana maringo."

"Ni kweli." Akatazama mbuzi. "Wanapata cha kula?"

"Wanaokota maganda ya migunga. Hawatakufa."

"Na muguka unaendelea?"

"Muulize kijana wangu, yeye ndiye shamba lake."

Akacheka kidogo, kwa adabu. Mke wa mwanangu akamletea chai, akainywa amesimama. Nikauliza, "Mgonjwa wetu?"

"Anashona. Yuko sawa tu." Akageuza kikombe mkononi. "Mama, ile siku ya daktari."

"Eeh."

"Mimi nilitoka nje."

"Nilikuona," nikasema. "Ulifanya vizuri. Mama yako alikulea."

Alimaliza chai. Halafu akasema mvua ikinyesha tutaonana, akarudisha kikombe, akaenda zake. Mke wa mwanangu akauliza alikuja kufanya nini. Nikamwambia labda anataka mbuzi na ameona haya kuomba, na nikamtengea beberu mmoja mzuri kichwani mwangu.

Mvua ilianza mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa tunapanda kunde simu ilipoita. Haikuwa yangu. Mkwe alimpigia mwanangu mkubwa, naye akaja kwenye mtaro akiwa na matope mpaka magotini. "Mama, dada ameanguka. Miguu yote. Na macho."

Nilimkuta hospitali Meru, amelala chali, mrija wa mkojo pembeni. Jicho la kushoto halikuona kitu ila mwanga wa dirisha. La kulia liliona nusu ya uso wangu. Mikono ilitetemeka kama ya mtu mwenye baridi. Dawa ya kupunguza moto wa mishipa ilikuwa inaingia kwa drip. Daktari wake alikuwa amepigiwa simu, naye alikuwa ameuliza swali moja tu: aliacha lini?

"Ulisikia alivyosema," nikamwambia binti yangu. "Ulisema umesikia."

"Nilisikia, mama."

"Basi kwa nini?"

"Nilifikiri ugonjwa umelala. Nikasema nipite polepole kabla haujaamka, nilete jina, halafu nirudi kwa dawa."

"Na umepata?"

Akatikisa kichwa. Tumbo halikuwa limeshika chochote. Alikuwa ameweka miguu yake rehani kwa kitu ambacho hata hakikuja.

Sikulia pale. Nilitafuta kitambaa, nikampangusa mate, kwa maana hata mdomo wa upande mmoja ulikuwa umelegea. Yule msichana wake wa kwanza, mwenye jina la bibi mwingine, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akila ndizi.

Alipotolewa hospitali hakukuwa na mtu wa kumtunza mchana. Mama mkwe wake yuko Mikinduri na ni mzee kuliko mimi. Kumleta huku Ishiara haikuwezekana, joto letu lingemmaliza. Basi nikafunga nguo zangu kwenye mfuko, nikapanda Kinoru, nikalala katika nyumba ya mkwe wangu. Wenzangu walisema. Waliosema, walisema. Usiku wa kwanza nililala na leso na viatu. Asubuhi niliamka nikakuta mkwe wangu amembeba mke wake mgongoni kumpeleka chooni, suruali yake imelowa mkojo wa mkewe, na tukakutana mlangoni uso kwa uso. Hakukuwa na ghala katikati. Nikamshika mgonjwa miguu, yeye akashika mabega. Kuanzia siku hiyo tulimwogesha pamoja.

Siku moja nikichambua mboga jikoni kwake, alisimama mlangoni. "Mama, siku ile nilikuja kukuuliza kama dawa inaachwa."

"Najua sasa."

"Niliona vidonge vimekaa juu ya kabati. Niliona haviishi."

"Ungesema."

"Ningesemaje? Nianze na neno gani?"

Nilimtafutia neno ambalo angeanza nalo, la kumwambia mama wa mke wake kwamba wanatafuta mtoto. Kwa lugha yetu sikulipata. Kwa Kiswahili pia sikulipata. Nikaendelea kuchambua mboga, naye akachukua kisu akakaa akanisaidia, mwanamume jikoni na mama mkwe wake.

Tulirudi kwa daktari. Binti yangu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Vidonge vilevile vitatu vikatajwa tena, na safari hii vilikuwa kama mbuzi wa mwisho sokoni jioni: huchagui, unauliza yupi ataweza kutembea mpaka nyumbani. Yule mpole daktari alisema hana nguvu ya kutosha kwa ugonjwa uliokasirika hivi. Yule wa kupiga teke vilevile. Dawa za kutundikwa atazitafutia njia, vipimo vyake vikikubali. Kwa sasa arudi kwenye kile cha moyo, na alazwe siku ya kwanza atazamwe tena kama mtu ambaye hajawahi kukimeza.

"Miguu itarudi?" binti yangu akauliza.

"Kiasi. Wa kulia una dalili. Wa kushoto sitakuahidi."

"Na mtoto?"

Nilimtazama mkwe wangu. Alishika kiti chake kwa mikono miwili. Hakuinuka.

"Sasa hivi hapana," daktari akasema. "Baadaye tutaona kama mwili utatulia. Inawezekana isiwe."

"Isiwe kabisa?" Huyo ni mkwe wangu aliyeuliza, mbele yangu, kwa sauti ya kawaida.

"Inawezekana isiwe kabisa," daktari akasema.

Huo mguu wa kulia umerudi hadi anaweza kuuinua kitandani. Wa kushoto umebaki ulivyo. Jicho moja linaona rangi, jingine linaona mwanga. Cherehani imefunikwa kitambaa, na juu yake ndipo tunapoweka kidonge na glasi ya maji, ili kila anayepita aone kimemezwa au bado. Anakimeza. Kinalinda kilichobaki.

Nilishuka nyumbani ndengu zilipokaribia kukomaa, kuangalia mbuzi na boma. Nilikuta kila kitu kiko sawa. Yule mjane jirani alikuja kunipa pole, akakaa, akalia nami vizuri, machozi ya kweli. Halafu akiinuka, kwa mazoea tu, bila ubaya, akasema, "Mungu ni mkubwa. Jina lako litapata nauli siku moja." Na mke wa mwanangu akaitikia, "Amina."

Nilingoja mgeni aende. Kisha niliwaita wote waliokuwa bomani, mwanangu mkubwa na mke wake na wavulana wao, na yule wa pili mwenye shavu limejaa majani. Nikamwambia ateme. Akatema. Nikawaambia:

"Jina langu ni langu. Halingojwi tena, haliombewi, halitaniwi, wala nyumbani wala shambani wala kanisani. Nikifa, nizikeni nalo. Anayeona hawezi kufunga mdomo akatafute chakula kwingine. Na mkwe wangu akija hapa, asiachwe kando ya ghala. Mumwingize mpaka jikoni, mumpe kiti, na mtu yeyote asimtajie habari za mvua kabla hajasema kilichomleta."